Mchango wa Operesheni Umetimia. Wa Fizio Je?



Leo nataka tuzungumze kuhusu goti. Usipite ujumbe huu ukidhani ni wa wachezaji wa mpira peke yao. Kuna kijana wa kanisa aliyeumia uwanjani Jumamosi. Kuna mama aliyeteleza kwenye matope akitoka sokoni. Kuna ndugu wa boda boda ambaye pikipiki ilimlalia mguu. Baadhi yao wamefanyiwa operesheni ya kano ya goti, na ukiwaona mwaka mmoja baadaye bado wanachechemea.

Daktari alifanya kazi yake. Kanisa lilichanga. Maombi yalifanyika. Ukiwauliza fizio iliishia wapi, unajibiwa: "Nilienda mara nne, Pastor, pesa ikaisha." Au: "Nilisikia nafuu nikaacha." Au lile jibu linaloniuma zaidi: "Niliambiwa nikiendelea na fizio ni kama simwamini Mungu."

Msimamo wangu nauandika wazi. Operesheni ya goti bila fizio ni kazi nusu. Na kanisa linalochangia operesheni, halafu likafunga kikundi cha WhatsApp siku mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, limemvusha ndugu yake hadi katikati ya mto na kumwacha hapo.

Sasa nifuate polepole.

1. ELEWA KILICHOFANYIKA NDANI YA GOTI

Katikati ya goti kuna kano mbili zilizopishana kama msalaba. Ile ya mbele ndiyo mashabiki wa mpira huiita ACL. Kazi yake ni kushikilia mfupa wa chini usiteleze kwenda mbele, na kulituliza goti unapogeuka ghafla. Mara nyingi hukatika bila hata kuguswa na mtu: mguu umekanyaga chini, mwili umegeuka, au mtu ameruka akatua vibaya. Wengi husema walisikia kitu kikilia "tap", kisha goti likavimba.

Kano hii ikikatika kabisa, mara nyingi daktari hawezi kuishona tu kama nguo. Huchukua kipande cha kano nyingine ya mwili wako, ya nyuma ya paja au ile iliyo chini ya kifuniko cha goti, akatoboa njia kwenye mifupa, akakipitisha na kukifunga mahali pa ile iliyokatika.

Hapa ndipo wengi hawaelezwi. Kile kipande kikishawekwa hakina damu yake. Ni kama mche uliong'olewa shamba moja ukapandwa lingine. Mwili unaanza kukipelekea mishipa mipya ya damu, na katika miezi ya kwanza kinakuwa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku kilipowekwa, kabla ya kuanza kupata nguvu upya. Kazi hiyo huchukua mwaka, wakati mwingine zaidi.

Umeona mtego ulipo? Mwezi wa pili au wa tatu uvimbe umeisha, maumivu yamepungua, unatembea bila magongo. Unajisikia mzima. Lakini ndani, huo ndio wakati ambao kano yako mpya haijawa tayari kabisa. Mtu anajisikia vizuri, anaingia uwanjani, goti linaondoka tena.

Kwa hiyo usipime kupona kwako kwa maumivu. Kukosa maumivu si kupona.

2. FIZIO SI KUCHULIWA

Ndugu zangu wengi wanadhani fizio ni kupakwa mafuta na kukandwa. Ndiyo maana mtu husema, "Hata shosho anaweza kunichua nyumbani." Namheshimu shosho, lakini hilo silo tunalozungumzia.

Goti likivimba, ubongo unaizima misuli mikubwa ya mbele ya paja. Unaambia mguu "kaza," mguu haukusikii. Ndani ya wiki chache paja linanyauka mpaka suruali inaning'inia upande mmoja. Hakuna mafuta yanayorudisha misuli hiyo. Inarudishwa na mazoezi: kuikaza, kuinua mguu ulionyooka, kuburuta kisigino polepole ili goti likunjike, kuchuchumaa nusu, kuendesha baiskeli isiyotembea, kusimama kwa mguu mmoja, na mwishoni kabisa kuruka na kutua. Kila hatua ina wakati wake, na mtaalamu ndiye anayejua lini uvuke.

Na usichue shavu la mguu lililovimba na kuuma baada ya operesheni. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiona shavu la mguu limevimba, lina joto na linauma, au kifua kinabana na pumzi inakuwa fupi, au una homa na kidonda kinatoa usaha, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usingoje ibada ya Jumapili. Tutakuombea ukiwa njiani.

Wapo watakaouliza kama mazoezi yana nguvu kiasi hicho. Mwaka 2010 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Uswidi kwa watu 121, vijana wenye kupenda michezo, waliokatika ACL. Kundi moja lilifanyiwa operesheni mapema pamoja na mazoezi. Kundi lingine lilianza na mazoezi, na operesheni ikawekwa akiba kwa atakayeihitaji. Baada ya miaka 2 hali za makundi hayo zilikaribiana, na zaidi ya nusu ya wale wa kundi la pili walikuwa hawajahitaji kufanyiwa operesheni.

Sisemi ukatae operesheni. Hilo ni kati yako na daktari wako, maana magoti hayafanani. Nakuonyesha jambo moja tu: makundi yote mawili yalifanya mazoezi. Hakuna lililoachwa bila mazoezi. Operesheni ndiyo waliyoweza kuiahirisha.

3. NYUMBANI NDIKO VITA ILIPO

Kwa fizio utakaa saa moja. Saa zilizobaki za wiki uko nyumbani. Kwa hiyo sikiliza mambo haya madogo.

Usiweke mto chini ya goti. Najua mama atakuwekea kwa upendo, na unasikia raha. Lakini goti linalolala limekunjika huzoea kubaki limekunjika, na goti lisilonyooka kabisa litakufanya uchecheme kila siku. Kunja taulo, liweke chini ya kisigino, goti libaki hewani lijinyooshe lenyewe. Kunyoosha goti kabisa ni kazi ya wiki za kwanza. Usiiache ikawa ya baadaye.

Barafu ifunge kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Kama huna friji, omba jirani mwenye duka. Baridi husaidia maumivu na uvimbe.

Ngazi zina kanuni rahisi ambayo mtu wa kanisa hawezi kuisahau: wazuri hupanda juu, wabaya hushuka chini. Ukipanda, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza magongo na mguu mgonjwa. Hata ngazi za matatu ni vivyo hivyo. Mwambie makanga asubiri. Asiposubiri, ngoja inayofuata.

Choo cha shimo ni shida ya kweli na watu huona aibu kuisema. Goti la wiki ya kwanza haliwezi kuchuchumaa. Tafuta kiti imara cha plastiki, kikatwe tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo. Mwambie daktari na mtaalamu wa fizio mapema unatumia choo cha namna gani. Hawawezi kujua usiposema.

Na kama daktari alirekebisha pia gegedu, ile mito miwili iliyo kati ya mifupa ya goti, ratiba yako itakuwa tofauti. Huenda ukakatazwa kukanyaga au kukunja sana kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo usimwige jirani aliyefanyiwa operesheni mwezi mmoja na wewe.

4. IMANI NA MAGONGO

Sasa nizungumze na watu wa nyumbani kwangu, sisi tunaopiga makofi na kuruka.

Naamini Mungu anaponya. Nimehubiri Matendo 3 mara nyingi, yule kiwete wa mlango Mzuri aliyesimama akaruka siku hiyohiyo. Siondoi hata nukta pale. Lakini Biblia hiyohiyo ina Hezekia katika 2 Wafalme 20. Mfalme alikwisha kupewa neno kwamba atapona, na bado mkate wa tini ukaletwa ukawekwa juu ya jipu lake. Neno lilitoka kwa Mungu na dawa ikapakwa na watu, wala hakuna aliyemwambia Hezekia kwamba zile tini ni upungufu wa imani. Ina pia Naamani, aliyetaka nabii apunge mkono jambo liishe, akaambiwa aende Yordani akajichovye mara 7. Kama angetoka mtoni baada ya mara 4 kwa sababu amechoka, angerudi kwao na ukoma wake.

Fizio inafanana na Yordani ya Naamani. Haina utukufu. Ni kitu kidogo, kilekile, mara nyingi, na siku nyingi huoni tofauti. Ndiyo maana watu huiacha.

Kwa hiyo mtu akikujia baada ya ibada akasema, "Tupa magongo kwa imani," mjibu kwa heshima: "Mtumishi, nitayaweka chini siku mtaalamu atakaposema natembea bila kuchechemea." Hapo hujamkosea Mungu. Huyo anayekuhimiza uyatupe hatakuwa nawe kwenye chumba cha operesheni ya pili.

Na wewe unayesikia hatia kwa sababu huwezi kupiga magoti katika maombi: keti. Omba ukiwa umeketi. Goti lililotolewa kano mbele linaweza kuuma kwa kupigwa chini kwa miezi mingi. Mungu anakusikia ukiwa kwenye kiti. Wakati wa sifa, piga makofi, usiruke. Daudi alicheza, lakini hakuwa ametoka tu kushonwa goti.

5. WACHUNGAJI WENZANGU, TUKOMESHE JAMBO HILI

Tunapenda ushuhuda, na ni haki yetu kuupenda. Kijana alibebwa kupelekwa hospitali, leo anaingia kanisani kwa miguu yake. Lakini kumwita madhabahuni miezi 3 baada ya operesheni na kumwambia "ruka tuone Mungu alivyotenda" ni kumweka hatarini mbele ya watu. Atakataaje? Mchungaji ndiye ameshika kipaza sauti, kanisa zima linashangilia.

Mwaka 2016 watafiti wa Norway na Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 106 waliofanyiwa operesheni hii. Kwa kila mwezi ambao mtu alichelewa kurudi kwenye mchezo, mpaka kufika mwezi wa 9, kiwango cha kuumia goti tena kilipungua kwa asilimia 51. Mwezi mmoja wa kungoja unapunguza hatari karibu nusu. Hebu tuwasaidie vijana wetu kungoja.

Wale mnaofuata ligi ya Uingereza mnamkumbuka Virgil van Dijk wa Liverpool. Aliumia ACL mwezi wa Oktoba 2020. Euro ilipofika mwaka 2021, nahodha wa Uholanzi alikaa nje. Alirudi uwanjani mwishoni mwa Julai 2021, tena kwa mechi ya kirafiki. Huyu ana madaktari, vifaa na chakula ambavyo wewe na mimi hatuna, na bado alingoja karibu miezi 9. Wewe wa timu ya mtaa unarudi mwezi wa 4 kwa haraka gani?

Hapa kwetu kuna David Rudisha. Jeraha lake si lazima lifanane na lako, lakini goti lilimnyima Mashindano ya Dunia ya Moscow mwaka 2013. Mwaka 2014 Glasgow alimaliza wa pili, watu wakaanza kusema amekwisha. Mwaka 2015 akachukua dhahabu Beijing, na mwaka 2016 akachukua dhahabu ya Olimpiki Rio. Bingwa wa dunia alikubali kwanza kuwa wa pili. Nawe kubali kwanza kutembea.

Mwezi wa 9 nao si tarehe ya kichawi. Kabla ya kurudi uwanjani upimwe: nguvu ya paja la mguu huo ifike angalau asilimia 90 ya ule mwingine, uweze kuruka na kutua kwa mguu mmoja bila goti kuyumba ndani. Usipofaulu, endelea na mazoezi. Kalenda pekee haikupi ruhusa.

6. SASA TUJE KWA PESA

Hapa ndipo penye moyo wa ujumbe wangu.

Tukisikia "operesheni," tunaamka. Kamati inaundwa, namba ya M-Pesa inasambazwa, kila jioni mweka hazina anatuma orodha ya waliotoa. Ni jambo jema na Mungu awabariki. Lakini hesabu nyingi za kamati zinaishia kwenye bili ya kutoka hospitali. Hakuna anayeandika mstari wa fizio.

Tufanye hesabu pamoja. Fizio mara 2 kwa wiki kwa miezi 3 ni vipindi 24. Zidisha kwa bei ya kipindi kimoja pale mnapompeleka. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi mara 24, na kumbuka mtu wa magongo wakati mwingine hawezi kung'ang'ania matatu, lazima apande teksi. Ongeza siku za kazi alizokosa, kwa mtu anayelipwa kwa siku. Sasa unaelewa kwa nini alienda mara nne akaacha. Hakuwa mvivu, alikuwa amefilisika.

Kwa hiyo naomba kila kamati ya mchango wa operesheni ya mifupa au kano ifanye mambo haya.

Andikeni fizio na nauli kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Pesa hiyo isiguswe kwa bili nyingine.

Kabla mgonjwa hajatoka wodini, mtu mmoja aende kwenye dawati la SHA la hospitali aulize ni nini kinalipiwa na nini hakilipiwi. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na wengi bado wanafanya hesabu kwa mambo ya NHIF. Ulizeni, msikisie.

Ulizeni kuhusu hospitali ya rufaa ya kaunti yenu. Hospitali kubwa za serikali zina idara ya fizio. Na mkipata mtu wa nje, ulizeni kama amesajiliwa na Physiotherapy Council of Kenya. Kuvaa koti jeupe hakutoshi.

Kama pesa ni kidogo, mwambieni mtaalamu ukweli. Anaweza kupanga vipindi vichache vya kukuona na kukuandikia mazoezi ya kufanya nyumbani kila siku. Mwenye aibu ya kusema hana pesa hupotea kimyakimya, na mtaalamu hudhani amepona.

Wasiokuwa na pesa watoe muda. Kijana mwenye gari ampeleke Jumanne. Dada wa ushirika wa nyumbani aje ahesabu naye mazoezi, "moja, mbili, tatu," mpaka yatimie. Mazoezi ya peke yako chumbani ni magumu, ukihesabiwa na mtu unamaliza. Huo nao ni mchango, hata kama hauonekani kwenye orodha ya mweka hazina.

Na kikundi cha WhatsApp kisifungwe siku ya kutoka hospitali. Kibadilisheni jina, kiitwe cha fizio, kiendelee mpaka mtu arudi kazini kwake.

7. NENO KWAKO ULIYELALA NA GOTI LIMEFUNGWA

Mpendwa, najua usiku ni mrefu. Najua unatazama paja lako limekuwa dogo na unaogopa. Najua umeshindwa kunyanyua mguu ambao umeunyanyua maisha yako yote, ukalia. Hiyo haimaanishi operesheni imeharibika. Misuli imezimwa na inasubiri kuamshwa.

Kesho asubuhi, kabla ya simu, kaza paja, hesabu hadi tano, achia. Rudia kadiri ulivyoagizwa. Andika kwenye daftari digrii za kukunja ulizopimwa wiki hii, na za wiki ijayo. Siku utakapokata tamaa, fungua daftari uone ulikotoka. Kuvutwa na kuchoka kwa misuli ni kawaida. Maumivu makali ya kuchoma, au goti kuvimba upya na kukaa hivyo hadi kesho yake, ni ishara ya kupunguza na kumpigia mtaalamu wako. Usijikaze kisabuni.

Aliyekupa daktari mwenye mikono mizuri ndiye amekupa na huyu anayekukunja goti mpaka unakunja uso. Usimshukuru Mungu kwa mmoja na kumkimbia mwingine.

Tuombe: Bwana, wape wagonjwa wetu uvumilivu wa kumaliza walichoanza. Wape wataalamu wetu hekima. Na sisi kanisa, utupe mkono usiochoka baada ya bili ya kwanza. Amina.

Kama unamjua mtu aliyefanyiwa operesheni ya goti mwaka huu, mpigie leo. Usimuulize tu "umeamkaje?" Muulize, "Fizio yako ni lini, na nauli unayo?"